MREJESHO: Upepo wa dirishani, Newala

Wadau, niliwauliza namna ya kuzuia baridi inayopenya kwenye madirisha yangu ya luva (vile vipande vya vioo vinavyopangwa kwa kupishana) hapa Newala. Mlioko Mtwara mjini mlinicheka, lakini huku juu uwandani, Juni na Julai upepo wa kusi ukivuma, shuka moja halitoshi.

Aliyesema niwashe udi niupitishe taratibu kuzunguka dirisha ili moshi unionyeshe upepo unapoingilia, ahsante sana. Kwenye vioo moshi ulitikisika kidogo tu. Kazi ilikuwa chini, fremu ya mbao inapokutana na ukuta. Pale moshi ulilazwa kabisa na upepo! Ufa wa kuingia kidole. Fundi kaujaza saruji na mchanga, kingo akapiga silikoni. Kwenye luva nimebana nailoni nzito kwa ndani, kwa vibao vyembamba na misumari midogo. Joto likirudi naing'oa.

Ule ushauri wa kuingiza jiko la mkaa chumbani nimeukataa. Chumba kikishazibwa, gesi ya mkaa, kaboni monoksaidi, inaua watu usingizini, na haina harufu.

Sasa baridi imebaki chini ya mlango. Kuna mwenye wazo zaidi ya kukunja gunia?