Acheni kunakili miti ya ukoo ya watu wengine, madaftari ya kaunti yapo

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na sitapunguza makali. Nazungumzia wanaotafuta koo zao Marekani. Miti inayobandikwa humu ina maelfu ya majina, lakini ukigusa tawi moja tu unakuta mama aliyezaa akiwa na miaka saba, au mtoto aliyezaliwa miaka miwili baada ya mama yake kuzikwa. Ukiuliza ushahidi, jibu ni lile lile: nimeutoa kwenye mti mwingine. Na huo nao ulitolewa kwingine. Miti 40 inayosema jambo moja haihesabiwi kuwa mashahidi 40. Ni mtu mmoja aliyekisia na 39 waliomfuata bila kufungua daftari.

Kule, maisha ya mtu wa kawaida yaliandikwa kwenye kaunti, yaani wilaya ndani ya jimbo: ardhi, ndoa, mirathi, kodi, kesi, ulezi wa yatima. Majimbo yalianza kuandikisha vizazi na vifo kwa kuchelewa, mengi mwishoni mwa karne ya 19 au mwanzoni mwa karne ya 20. Ukiacha New England, majimbo ya kaskazini-mashariki ambako miji iliandika tangu zamani, anayedai cheti cha kuzaliwa cha mtu wa 1820 anatafuta karatasi ambayo kwa kawaida haikuwahi kuandikwa. Halafu anahitimisha kwamba ukoo "haupo kwenye kumbukumbu."

Kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote ni kutafuta kwenye kaunti ya leo. Chukueni Kentucky. Mwaka 1776 Virginia iliifanya kaunti yake moja. Mwaka 1780 ikagawanywa kuwa tatu: Jefferson, Fayette na Lincoln. Mwaka 1792 ikawa jimbo, na leo ina kaunti 120. Familia iliweza kulima shamba lile lile, haijahama hata hatua moja, na bado ikaandikwa katika kaunti tatu au nne. Kaunti mpya ilipokatwa, madaftari ya zamani kwa kawaida yalibaki kwa kaunti mama. Nyingine zilifutwa kabisa: Tryon ya North Carolina ilivunjwa 1779, ikazaa Lincoln na Rutherford. Basi kabla ya kuandika jina la babu kwenye kisanduku cha kutafutia, andika historia ya mahali: kaunti iliundwa mwaka gani, ilitoka wapi, mipaka ilisogezwa lini. Na jua nani alishika daftari. Connecticut, Rhode Island na Vermont, hati za ardhi ziko kwa karani wa mji, siyo wa kaunti. Louisiana haina kaunti, ina parokia. Virginia ina miji inayojitegemea, iko nje ya kaunti zinazoizunguka. Hii ni kazi ya saa moja, lakini watu wanaikwepa kwa miaka kumi.

Tuje kwenye hati za ardhi, ambazo wengi hawazigusi kwa sababu eti wao hawatafuti shamba. Kwa kawaida kaunti ina faharasa mbili, moja ya wauzaji na moja ya wanunuzi. Someni zote mbili. Faharasa nyingi za zamani zimepangwa kwa herufi ya kwanza ya ubini tu, kwa hiyo inabidi usome herufi nzima, mstari kwa mstari. Tena karani mara nyingi aliandika jina la muuzaji wa kwanza peke yake, kisha "et al.", yaani na wenzake. Hapo ndipo ukoo umejificha. Warithi wanane wakiuza shamba la marehemu baba yao, hati yenyewe inaweza kuwataja wote, mabinti pamoja na waume zao, na kaunti anakoishi kila mmoja. Lakini kwenye faharasa utaona jina moja, na huenda ni la mkwe ambaye ubini wake hujawahi kuusikia. Ndiyo maana mnatakiwa kukusanya ubini wa wakwe wote kwanza.

Msiishie mwaka wa kifo. Hati iliweza kusainiwa leo na kusajiliwa miaka 20 baadaye, ardhi ilipouzwa tena na mnunuzi akadai karatasi. Tafuteni hadi miaka 30 baada ya mazishi. Na mkikuta mtu anauza ardhi ambayo hakuna daftari linaloonyesha akiinunua, simameni hapo hapo: aliipataje? Alirithi, alipewa na serikali, au ilikuja na mke. Majibu yote matatu yanafungua mlango. Mke naye mara nyingi haonekani hadi uipindue hati na kusoma sehemu ya mwisho, pale anapokiri mbele ya hakimu, mumewe akiwa mbali, kwamba anaachia haki yake ya ujane, yaani sehemu ya ardhi ile ambayo angeipata akifiwa na mume. Kuna wanawake ambao jina lao halipo popote pengine.

Mirathi. Nimechoka kuona mtu anaweka picha ya wosia kutoka daftari la wosia na kusema amemaliza. Ile ni nakala ya karani. Faili la mirathi ni kitu kingine, mara nyingi liko kwenye sanduku tofauti au rola tofauti ya maikrofilamu: ombi la kufungua mirathi, dhamana ya msimamizi, orodha ya mali na thamani zake, mnada na majina ya walionunua, stakabadhi za warithi, mgawanyo wa mwisho. Wosia unaweza kumruka mtoto aliyekwisha kupewa ardhi baba akiwa hai, lakini stakabadhi za mgawanyo zinamtaja kila aliyetia sahihi. Na wengi walikufa bila wosia kabisa, ila faili wanalo. Neno "yatima" humo lilimaanisha mtoto aliyefiwa na baba, hata kama mama alikuwa hai. Usimuue mama wa watu kwa sababu ya neno hilo. Mtoto aliyefikisha miaka 14 kwa kawaida aliruhusiwa kujichagulia mlezi, na hapo unapata kipimo cha umri bila cheti.

Sasa sehemu inayoniudhi kuliko zote. Wanaotafuta koo za Waafrika waliofanywa watumwa wanaambiwa humu kwamba 1870 ni ukuta na warudi nyumbani. Ni kweli sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wote kwa majina. Orodha za watumwa za sensa za 1850 na 1860 zina jina la mmiliki, kisha, isipokuwa mara chache, umri, jinsia na rangi tu. Lakini sensa haikuwa daftari pekee! Watu hawa waliorodheshwa kwa majina kwenye hesabu za mirathi za mmiliki aliyekufa, kwenye wosia, kwenye hati za mauzo na za zawadi zilizosajiliwa pamoja na hati za ardhi, kwenye rehani. Inaumiza kusoma mama na mtoto wakipangiwa bei katika mstari mmoja na ng'ombe, lakini mstari huo unaweza kuwa ndio ushahidi pekee kwamba alikuwa mama yake. Kuuacha bila kusomwa ni kuwapoteza mara ya pili.

Njia ni hii. Kwanza mweke mtu wako mahali kamili mwaka 1870, pamoja na majirani wote kurasa kadhaa juu na chini. Angalia wazungu wenye ardhi karibu naye, kisha fungua mirathi zao. Msimuunganishe na mmiliki kwa kufanana kwa ubini peke yake, kwa sababu wengi walichukua ubini wa mmiliki wa zamani zaidi, wa baba, au wowote waliotaka. Tafuta kumbukumbu za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyohudumia waliotoka utumwani, za 1865 hadi 1872, zenye mikataba ya kazi, na madaftari ya Freedman's Savings Bank, benki ya akiba ya watu hao, iliyodumu 1865 hadi 1874, ambako fomu nyingi zinataja wazazi na ndugu wa mteja. Ukimpata mmiliki, fuata ndoa za mabinti zake, maana watu hawa walitolewa kama zawadi kwa binti anayeolewa na kugawanywa kwa warithi, wakavushwa hadi kaunti na majimbo mengine. Ni kazi ya miezi. Haifanywi kwa kubofya.

"Mahakama iliungua, hakuna kitu." Kauli hii nayo ife. Moto wa Chicago wa Oktoba 1871 uliteketeza kumbukumbu za Kaunti ya Cook, ambamo mji huo umo, na kaunti kadhaa za Virginia zilipeleka madaftari Richmond yahifadhiwe wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, yakaungua huko Aprili 1865. Lakini baada ya moto wenye ardhi walirudi na hati zao kusajili upya, kwa hiyo kagua madaftari ya miaka iliyofuata. Orodha za kodi za Virginia tangu 1782 zilikuwa na nakala zilizopelekwa jimboni. Kesi zilizokatiwa rufaa zilibeba nakala za ushahidi. Na kaunti jirani haikuungua.

Vile vitabu vinene vya historia ya kaunti vya miaka ya 1870 na 1880 viliuzwa kwa watu waliolipa kabla, na wasifu mwingi ulitoka kwa familia zenyewe. Vitumie kama fununu. Hadithi ya "ndugu watatu waliovuka bahari" isiingie kwenye mti hadi daftari liiunge mkono.

Kwa haraka: tarehe ya dhamana ya ndoa, yaani hati iliyowekwa kabla ya kuoana, siyo tarehe ya ndoa, na mdhamini mara nyingi ni baba au kaka wa bibi harusi. Uhusiano na mkuu wa kaya ulianza kuandikwa kwenye sensa ya 1880, hivyo mwanamke wa 1850 ndani ya nyumba si lazima awe mama wa watoto. "Senior" na "Junior" waliweza kuwa mtu na mjomba wake, au watu wasio na undugu. Kabla ya 1752, katika makoloni ya Uingereza mwaka ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari 1731 ilikuja baada ya Novemba 1731.

Anayeomba msaada kwenye uzi huu aandike: jina, kaunti na mwaka, kaunti mama, madaftari aliyofungua kwa namba na ukurasa, miaka aliyosoma, na kama aliona picha ya ukurasa wenyewe au faharasa tu. Asiye na hayo aanze na faharasa ya wauzaji.