Paskii au tokeni ya mara moja kwa SACCO yetu? Nahitaji jibu kabla ya Jumatatu

Mwana_Busia (mwanzisha uzi), Jumamosi saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo yamenifika.

Mimi ndiye fundi pekee wa kompyuta katika SACCO moja ya wafanyabiashara wa soko huku mashariki mwa Uganda. Mfumo wetu wa akiba na mikopo uliandikwa kwa Java na kijana aliyenitangulia, ambaye siku hizi yuko Dubai na hapokei simu. Ulikuwa kwenye Spring Boot 2.7, msingi wa kujengea programu za Java. Msaada wa bure wa toleo hilo uliisha Novemba 2023, mkaguzi akaligundua na barua ikaja. Basi wiki hii nimeuhamisha hadi 3.5, na Spring Security, sehemu yake ya ulinzi, nayo ikapanda hadi 6.5.

Swali langu ni hili. Mwenyekiti anataka Jumatatu, mbele ya bodi, nioneshe njia mpya ya kuingia isiyo na nenosiri. Tangu 6.4 kuna paskii (ufunguo unaokaa kwenye simu au kompyuta ya mtu) na kuna tokeni ya mara moja (msimbo wa kuingilia unaotumika mara moja tu). Nichague ipi? Au niruke moja kwa moja hadi 7, ile ya Novemba 2025, ambako uthibitishaji wa hatua mbili unawashwa kwa anotesheni moja, alama ya @ kwenye msimbo? Kuna katatizo kadogo ka sesheni (kumbukumbu ya seva ya nani ameingia) tangu nihame, lakini hako nimekazunguka, msihangaike nako.

Naomba ushauri wa haraka, usingizi sina.

Rolex_Mbili

Wa kwanza hapa. Nimeleta chapati na mayai, wenye kujua wajibu.

Nyabo_wa_Ntinda

Paskii, wala usiulize mara mbili. Mimi laini yangu iliwahi kuhamishiwa kwenye simu ya mtu mwingine. Nilikuwa kanisani, simu ikasema haina mtandao, nikadhani ni mvua. Kutoka nje, ada ya watoto watatu imeshaondoka kwenye akaunti. Tangu siku hiyo chochote kinachokuja kwa SMS sikiamini, hata salamu za Krismasi. Kwa paskii ufunguo wa siri unabaki kwa mwenyewe, seva inaweka ufunguo wa wazi tu. Mwizi akiiba seva ameiba kufuli.

Na mume wangu aliniambia nilikuwa mzembe. Mimi! Kanisani!

Fundi_wa_Jinja

Pole nyabo, lakini keshia wa kijijini mwenye kitochi ataweka paskii wapi, kwenye tochi?

Mwana_Busia, watu wako wanafungua mfumo kwa jina la tovuti au kwa namba? Kama wanaandika http://192.168 na kuendelea, paskii sahau. Kivinjari kinadai HTTPS, mawasiliano yaliyofichwa, isipokuwa uko localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe, na kile kitambulisho cha tovuti kiitwacho rpId lazima kiwe jina la tovuti, anwani ya IP haikubaliwi.

Tokeni ya mara moja nayo ina yake. Watu wanadhani Spring inatuma SMS. Haitumi kitu. Inakutengenezea tokeni, halafu kuifikisha kwa mtu ni shughuli yako, unaandika klasi yako ya OneTimeTokenGenerationSuccessHandler. Usipobadilisha mipangilio, tokeni inakaa kwenye kumbukumbu ya seva, si kwenye hifadhidata: umeme ukizimika, seva ikiamka haimjui mtu. Na maisha yake ni dakika 5. Huku kwetu kuna SMS za jana nazipokea leo.

Kuruka hadi 7 usithubutu wikendi moja. Kule amri ya zamani ya authorizeRequests imeondolewa, and() za kuunganisha mipangilio zimeondolewa, na wewe bado hujatulia kwenye 6.

Mzee_wa_COBOL

Vijana, hii kitu mimi nimeijua ikiitwa Acegi, kabla haijabatizwa Spring Security mwaka 2008. XML ilikuwa ndefu kama treni ya mizigo ya Tororo, lakini ukimaliza kuiandika unajua kila behewa limebeba nini. Sasa mnaweka anotesheni moja mnaenda kunywa chai. Na huyo wa Dubai aliondoka bila kukabidhi? Zamani fundi hakutoka ofisini mpaka aandike daftari la makabidhiano na mkubwa aweke sahihi.

Bint_Arua

Nimerudi kusoma uzi kutoka juu. Ndugu, "nimekazunguka" maana yake nini? Umekazunguka vipi?

Mwana_Busia

Dada, hako si ka kutusumbua. Keshia anaandika nenosiri, linakubaliwa, anaona "Karibu". Akibonyeza ukurasa unaofuata anarudishwa kuingia upya. Hivyo hivyo siku nzima. Nikafungua kurasa chache kwa muda ili kazi iende. Turudi kwenye paskii tafadhali.

Bint_Arua

Chache ni ngapi? Bandika mstari wenyewe.

Mwana_Busia

`.antMatchers("/keshia/**").permitAll()`

Yaani yeyote aingie, lakini kurasa za keshia tu. Na ofisi yetu ina ukuta, geti na askari usiku na mchana.

Rolex_Mbili

Askari huyo anasoma HTTP au anasoma gazeti?

Chui_wa_Mtandao

Wakuu, mnanyweshwa chai na mnaomba sukari. Amesema yuko Spring Security 6.5. antMatchers iliondolewa kwenye 6.0, pamoja na mvcMatchers na ile klasi mama ya mipangilio, WebSecurityConfigurerAdapter. Siku hizi ni requestMatchers. Mstari aliobandika haukompaili, programu haijengeki nao, achilia mbali kuhudumia foleni ya soko.

Ongezeni haya: akaunti ina siku moja. Mwenyekiti wa SACCO ya sokoni amejulia wapi paskii? Na Mganda gani anaandika Kiswahili kilichonyooka namna hii? Ama ni mwanafunzi anataka tumfanyie kazi ya chuo, ama ni mwizi anajifunza milango ya SACCO inavyofungwa. Mimi sijibu kitu.

Dereva_wa_Malaba

Chui, kwa hapo kwenye Kiswahili umetukosea. Hii ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba irekebishwe 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali tena iingie mashuleni. Mimi nimelala foleni Malaba siku tatu na lori la saruji. Bila Kiswahili ningekula saruji.

Halafu mtu wa Dar hasemi "katatizo kadogo". Huyo ni wa mpakani, mwacheni.

Mzee_wa_COBOL

Sisi wa Kampala tulipokuwa wadogo, ukisikia Kiswahili usiku unaingia chini ya kitanda. Ilikuwa lugha ya wenye bunduki. Leo wajukuu wangu wanaimba kwa Kiswahili sebuleni na mama yao anapiga makofi. Dunia.

Nyabo_wa_Ntinda

Mzee hapo umenikumbusha baba yangu. Lakini mwizi hawezi kuuliza paskii, mwizi angeuliza SMS.

Bint_Arua

Kiswahili tukiweke kando. Chui ana hoja moja nzito: mstari ule hauwezi kuwa ndio ulio hewani. Mwana_Busia, seva inaendesha nini sasa hivi, saa hii tunapoandika?

Mwana_Busia, saa 5:55 usiku

Nimezaliwa Busia, upande wa Uganda. Sukari tulinunua upande wa Kenya, sabuni upande wetu, na Kiswahili kilikuwa katikati. Hiyo ndiyo habari ya Kiswahili changu. Mwenyekiti alisikia paskii kwa mwanawe anayesoma Kampala.

Ule mstari niliutoa kwenye faili la zamani. Niliona aibu. Ulio hewani ni huu:

`.anyRequest().permitAll()`

Yaani kila ukurasa uko wazi kwa yeyote, tangu Alhamisi asubuhi. Hata hivyo @PreAuthorize (vizuizi vya nani aruhusiwe) za yule wa Dubai zikawa bado zinazuia watu, basi nikaondoa na anotesheni inayoziwasha.

Na seva si ya ndani tu. Tuna mawakala wanne vijijini, wanaingia kwa intaneti, kwa hiyo poti 8080, mlango wa seva, iko wazi kwenye ruta.

Lakini mnielewe. Alhamisi ni siku ya soko. Foleni ilifika barabarani, mama mmoja anataka pesa ya hospitali, mweka hazina ananiangalia bila kusema neno. Kurudi 2.7 sikuweza, hifadhidata nilikuwa nimeshaibadilisha. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Na Jumatatu siwezi kuahirisha, projekta imeshakodiwa.

Kuna kingine. Kila muamala tangu Alhamisi, sehemu ya "aliyehudumia" imeandikwa anonymousUser, jina ambalo Spring inampa mtu asiyejulikana.

Chui_wa_Mtandao

Nafuta kauli yangu ya chai. Hii hata ningelipwa nisingeweza kuitunga.

Rolex_Mbili

Mfanyakazi bora wa mwezi: anonymousUser. Haumwi, hachelewi, anahudumia madirisha yote kwa pamoja.

Fundi_wa_Jinja

Ndugu yangu, inuka kitini, chomoa waya wa ruta, halafu urudi kusoma. Wanachama wenu wote, majina, akiba, mikopo, yako barabarani siku ya tatu leo. Yeyote anayejua anwani anaweza hata kujiandikia amana.

Bint_Arua

Akishachomoa asome hii.

Hako katatizo kako kana jina na kametajwa kwenye mwongozo wa kuhamia 6. Kwenye 5 kulikuwa na kichujio kinaitwa SecurityContextPersistenceFilter. Ombi likiisha, chenyewe kilimhifadhi mtu kwenye sesheni, hata kama hukukiomba. Kwenye 6 mahali pake pamechukuliwa na SecurityContextHolderFilter, ambacho kinasoma tu. Kuhifadhi ni juu ya yule anayeingiza mtu. Fomu ya kuingia ya Spring yenyewe inajua hilo. Lakini wewe, naweka dau la soda, una kontrola (msimbo wa kupokea maombi) ya kuingia iliyoandikwa kwa mkono: inaita authenticate, inaita setAuthentication, basi. Keshia anakaribishwa, ombi linaisha, seva inamsahau.

Dawa: unda muktadha mpya kwa SecurityContextHolder.createEmptyContext(), weka uthibitisho wa mtu ndani, kisha mwite HttpSessionSecurityContextRepository na saveContext, umpe muktadha, ombi na jibu. Baada ya hapo request.changeSessionId(), kwa sababu kontrola ya mkono hailindwi dhidi ya mtu kupandikiziwa namba ya sesheni. Ni mistari mitano.

Njia ya mkato ya requireExplicitSave(false) ipo na itafanya kazi. Ni plasta, ila kwa usiku wa leo sitakulaumu.

Kisha rudisha @EnableMethodSecurity. Bila hiyo zile @PreAuthorize ni mapambo ya Krismasi.

Nyabo_wa_Ntinda

Nami niseme lisilopendeza. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019: ukiwa na sababu ya kuamini mtu asiyeruhusiwa amefikia taarifa za watu, unaijulisha mamlaka mara moja. Haisemi baada ya mkutano wa bodi. Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi ipo, na fomu ipo.

Na paskii bado ndiyo bora.

Mwana_Busia

Sababu ya kuamini sina. Hakuna aliyelalamika.

Fundi_wa_Jinja

Logi, rekodi za seva, zinasemaje? Nani aliingia kutoka nje usiku wa Alhamisi?

Mwana_Busia, Jumapili saa 4 asubuhi

Waya nilichomoa usiku ule ule. Mawakala wamepiga simu mpaka nimezima yangu.

Dada Bint_Arua, soda unadai. Kontrola ilikuwa kama ulivyosema, neno kwa neno, kana kwamba umekaa Dubai na yule kijana. Nimeandika mistari mitano, keshia mmoja amekuja kabla ya ibada, ameingia, amezunguka kurasa zote, hajarudishwa. anyRequest() sasa ni authenticated().

Logi hakuna. Tomcat, seva inayokuja ndani ya Spring Boot, haiandiki nani kaingia mpaka uiwashe mwenyewe, na mimi nimeiwasha leo. Kwa hiyo nani alichungulia, siwezi kuapa.

Bint_Arua

Kama huwezi kuapa, umeshajibiwa swali la nyabo.

Mwana_Busia, Jumapili saa 1 usiku

Nimemwambia mweka hazina. Nilidhani atapiga kelele. Aliweka mkoba chini, akatoa miwani, akaomba karatasi zote za kuweka na kutoa pesa tangu Alhamisi. Tumekaa sakafuni kuanzia saa saba mchana tukilinganisha karatasi na mfumo, moja moja. Zote zimepatana isipokuwa moja ya shilingi 40,000, nayo tumeikuta imekunjwa chini ya mguu wa meza kuizuia isiyumbe.

Barua ya ofisi ya data ameniandikisha papo hapo, kesho asubuhi anaitia sahihi kabla ya bodi kukaa. Mawakala watarudi tukipata jina la tovuti na HTTPS.

Paskii nitaonesha Jumatatu hivyo hivyo, kwenye laptopu yangu, localhost. Fundi wa Jinja mwenyewe amesema localhost inakubali, na projekta imeshalipiwa.

Ila mwenyekiti amepitia ripoti ya wiki na amenipigia sasa hivi. Anauliza huyu anonymousUser aliajiriwa na nani, na kwa nini hayumo kwenye orodha ya mishahara.

Rolex_Mbili

Mwambie ni mfanyakazi hewa. Hapo bodi nzima itaelewa bila projekta.