Fundi wa magitaa Bagamoyo umenipiga: laki sita na nusu, gitaa halishiki tuni

Wakuu, habari za humu. Nina hasira na uzi huu utakuwa mrefu, mnivumilie.

Mimi niko Tanga, Ngamiani. Nimenunua gitaa kavu la kutengenezwa kwa mkono kutoka kwa fundi mmoja wa Bagamoyo anayetangaza kazi zake mtandaoni. Jina lake silitaji, nataka tuiongelee kazi yenyewe. Bei laki sita na nusu. Nusu nilituma kwa simu kama kianzio, nusu nikamalizia kabla gitaa halijapakiwa kwenye basi. Tangazo lilisema hivi: mninga mkavu, ubao wa vidole wa mpingo, shingo ina chuma ndani, "kiwango cha kimataifa". Nikaenda kulipokea stendi ya Kange.

Kwa macho ni zuri, hilo nalisema wazi. Mninga umepigwa msasa hadi unateleza, vanishi imekaa vizuri, na kuzunguka tundu la sauti kuna nakshi safi kama ya milango ya zamani ya Bagamoyo. Mke wangu alilishika kabla yangu akasema hili tulitundike sebuleni. Lakini mimi sikununua pambo.

Lipige sasa. Nyuzi zikiwa wazi unatuni, zinakubali. Bonyeza freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), ambapo uzi unatakiwa utoe sauti ileile kwa oktavu moja juu. Haitoi. Mshale wa programu ya kutuni unakimbilia kulia, sauti imepanda kupita kiasi, nyuzi zote sita. Kodi ya E (nyuzi zikipigwa kwa pamoja) pale chini inasikika vizuri, ukipanda na kodi hiyohiyo juu ya shingo ni kelele. Nikachukua rula ya chuma. Kutoka mfupa wa kichwani, pale nyuzi zinapoanzia, hadi freti ya 12 ni milimita 325. Kutoka freti ya 12 hadi mfupa wa daraja, kile kipande kilichogandishwa usoni mwa gitaa kinachoshika nyuzi, ni milimita 319.

Kwa wasiopiga gitaa: freti ya 12 inakaa katikati ya uzi. Umbali wa kutoka freti hiyo hadi darajani unatakiwa uzidi kidogo ule wa kutoka kichwani, milimita mbili hivi au zaidi, na kwa nyuzi nene unazidi zaidi, kwa sababu ukibonyeza uzi unaukaza na sauti inapanda. Ndiyo maana mfupa wa daraja huwekwa mshazari. Huyu daraja kaliweka karibu mno, tena mfupa umenyooka kabisa. Hakuna nyuzi za bei yoyote zitakazorekebisha hilo. Freti zenyewe nilizipima zote kwa kanuni: unagawa urefu wa uzi kwa 17.817, unapata umbali wa freti ya kwanza, kinachobaki unakigawa tena vilevile, unaendelea. Kikokotoo cha simu kinatosha. Freti ziko sawa! Yaani mtu kafanya kazi ngumu kwa usahihi, halafu daraja kaligandisha kwa kukisia.

Nikampigia. Akanijibu kwa sauti ya upole, "Kaka, gitaa la mkono si kama la kiwandani, lina tabia yake, litazoea tu." Ndugu zangu, litazoea nini? Mbao haiwezi kutembea milimita nane, yaani sita zilizopungua na mbili za kuzidi, kwa kuzoea. Na hili la "ni la mkono" ndilo limenichoma kuliko yote. Antonio de Torres wa Hispania alitengeneza magitaa kwa mkono karne ya 19, bila umeme, na umbo alilolipa gitaa la klasiki ndilo mafundi wanalifuata mpaka leo. Kazi ya mkono maana yake kila kipimo kimepitiwa na mtu mwenye akili zake, si kwamba kipimo hakuna.

Huyohuyo Torres mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye ubavu na mgongo wa karatasi zilizogandishwa kwa gundi, kuonyesha kwamba sauti inatoka kwenye ubao wa mbele. Sasa njoo kwenye langu. Ubao wa mbele kwa kawaida ni milimita mbili na nusu hadi tatu hivi, wa mbao nyepesi. Nimepima ukingo wa tundu la sauti: milimita tano, tena mninga, mbao nzito. Ukilipiga sauti inabaki ndani. Nililichukua barazani, jirani yangu aliyekaa ng'ambo ya uchochoro akauliza kama nimeshaanza kupiga.

Haya, mpingo. Baada ya kupiga jioni ya kwanza nikaona ncha za vidole zimekuwa nyeusi. Nikadhani ni kutu ya nyuzi. Nikachovya kitambaa cheupe kwenye spiriti, nikafuta ubao wa vidole pale juu ya freti ya mwisho. Kitambaa kikatoka cheusi tii, na chini yake ukatokea ubao wa rangi ya chai ya maziwa. Msiniambie ni ile sehemu nyeupe ya mpingo iliyo karibu na gome, maana nimefuta sehemu tatu na kote ni hivyo, na nyuzinyuzi zake ni pana, ukucha unaingia. Mpingo ukucha hauingii. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Ni mti wetu, Ulaya wanautumia kwa klarineti na obo, mafundi wa nje wanautafuta kwa udi na uvumba, halafu mimi Mtanzania, mwendo wa basi tu kutoka karakana, nauziwa ubao uliopakwa rangi. Hapa si ufundi mdogo tena wakuu, huu ni uongo.

Chuma cha shingo, kile cha kuizuia isipinde, nacho hakionekani: tundu la kukikazia halipo, si kichwani si ndani ya boksi. Nyuzi ziko juu milimita tano kwenye freti ya 12 wakati mbili na nusu zingetosha, vidole vinauma.

Na daraja limeanza kunyanyuka. Nimechukua risiti ya kifurushi, karatasi ile laini, nikaisukuma chini ya daraja upande wa nyuma, imeingia hadi karibu nusu. Nyuzi sita za chuma, seti ya 12 kwa 53 (unene wake kwa elfu ya inchi), zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi muda wote. Ukigandisha daraja juu ya vanishi badala ya kukwangua hadi kwenye mbao tupu, gundi inashika vanishi, na vanishi haiwezi kubeba mzigo huo, sembuse kwa joto na unyevu wa pwani hii.

Tanga ni mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Watu hapa wana masikio. Kuna vijana mtaani kwangu wanadunduliza wapate gitaa la kwanza, na nimewasikia wawili wakimtaja fundi huyuhuyu. Kijana akianza na gitaa lisiloshika tuni ataamini tatizo ni yeye, ataacha muziki.

Fundi, najua unasoma humu. Nataka hela yangu yote, na nauli ya kulirudisha iwe juu yako. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Tangazo lako nimelihifadhi, lile lililoandikwa mpingo, pamoja na miamala yote. Ukikataa naenda Tume ya Ushindani.

Wengine, kama mmenunua kwake wekeni vipimo hapa: kichwani hadi freti ya 12, na freti ya 12 hadi darajani. Na kama kuna mtu anamjua fundi wa Tanga au Dar anayeweza kung'oa daraja bila kuchana ubao, ani-PM.