Mrejesho: barafu za mtindi zimekubali

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini barafu zangu za mtindi zinatoka ngumu kama mawe, watoto wanalamba mpaka wanakata tamaa. Mlioniambia tatizo ni maji, mlikuwa sahihi. Nimeuchuja mtindi kwa kitambaa safi usiku kucha ndani ya friji. Lita 1 ikabaki kama nusu, mzito kweli. Nikaponda ndizi 2 zilizoiva sana na embe, sukari sikutia. Nikadondosha kijiko kijiko kwenye sinia, vikakaa friza saa 3 hivi. Vinang'atika! Umeme ulikatika huku Nyegezi katikati ya zoezi, ila friza sikuifungua. Asali nimeiacha, mdogo wetu hajafikisha mwaka. Yale maji ya mtindi nimekandia chapati.