Taa ya injini inarudi kila tukipanda mlima: kompyuta ya lori inafutwaje?

Dereva_Uyole: Wakuu, ni semi ya Ulaya, volti 24, mzigo tani 28. Tambarare inakimbia vizuri, ila ikianza Kitonga inakosa nguvu na taa ya njano inawaka. Fundi wa Mafinga alichomoa betri usiku kucha, taa ikazima. Kufika Makambako ikarudi. Kuna njia ya uhakika ya kufuta?

FundiUmeme: Kuchomoa betri si dawa, mkuu. Malori mengi ya kisasa yanatunza kodi (namba za hitilafu) kwenye kumbukumbu isiyotegemea betri. Anza na skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya lori: soma SPN (namba ya kitu kinacholalamikiwa) na FMI (aina ya hitilafu), piga picha, ndipo ufute, swichi ikiwa ON na injini imezimwa.

Kama ni lazima kuchomoa, mfano unachomelea fremu, zima swichi, subiri kama dakika tano pampu ya AdBlue (maji ya kusafisha moshi) imalize kujisafisha, halafu toa waya hasi wa betri kwanza. Kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Pima pia volti: injini ikinguruma zifike 27.5 hadi 28.5. Zikiwa pungufu, kompyuta huanza kulalamikia vitu vizima.

Dereva_Uyole: Imesoma SPN 102 FMI 18. Ninunue sensa?

MzeeWaTurbo: Acha hela yako mfukoni. 102 ni presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Ingekuwa FMI 3 au 4 tungeshuku waya au sensa. 18 ni kwamba presha yenyewe iko chini. Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, turbo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, inalazimika kuzunguka zaidi. Tundu ambalo Morogoro hulisikii, huku linakuumbua.

Pitisha mkono chini ya mipira ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), pale klampu inapobana. Ukigusa vumbi lililogandana na oili kama tope jeusi, umelikuta. Kuthibitisha, ziba mdomo wa turbo upande wa filta ya hewa kwa kizibo chenye valvu ya tairi, jaza psi 15 tu, nyunyiza maji ya sabuni. Ukizidisha utang'oa sili. Hewa kidogo kwenye kipumulio cha injini ni kawaida.

Dereva_Uyole: Mpira umepasuka kweli, chini ya klampu. Tunaweza kuufunga kwa tyubu?

MzeeWaTurbo: Haufiki hata Igawa. Chukua wa silikoni wenye nyuzi, kipenyo kilekile, na klampu za bolti, si zile nyembamba za skrubu. Futa kodi, kisha panda Mlima Nyoka na mzigo, skana ikiwa imechomekwa, uone kama kodi inarudi.