DEET, pikaridini au pemetrini: ipi inakaa vizuri na maleba kambini?

Mlinzi_wa_Daraja
Wakuu, habari zenu. Msimu wa michezo ya kuigiza wahusika porini unakaribia, na kambi nzima mbu hunichagua mimi kwanza. Mhusika wangu ni mlinzi: joho zito la pamba, kizibao cha ngozi juu yake, mikono wazi kuanzia kiwiko, na lindo langu huwa magharibi mpaka usiku, saa ambazo hao viumbe ndiyo wako kazini. Nataka kununua kitu kimoja au viwili, siyo kubeba duka zima. Naona watu wanabishana kuhusu dawa za kufukuza mbu: zile za kupaka za DEET na pikaridini, mafuta ya mchaichai na ile pemetrini ya kupulizia nguo. Ninyi mnatumia nini? Na mkishang'atwa mnafanyaje?

Kipanga
DEET, basi. Imekuwepo tangu miaka ya 1940, ilitengenezwa kwa ajili ya askari wa Marekani, na mpaka leo haijapata wa kuiangusha. Chukua ya asilimia 20 hadi 30. Usidanganywe na chupa za asilimia 90 na kitu: kiwango kikubwa hakifukuzi mbu kwa ukali zaidi, kinarefusha muda tu, na ukivuka 50 hakuna unachoongeza cha maana.

FundiNgao
Kaka Kipanga, kwa ngozi ya mtu sina ubishi na wewe. Kwa vifaa vyake ninao. DEET inalainisha plastiki, vanishi na rangi nyingi. Niliwahi kuletewa ngao ya kutengeneza: upande wa ndani, pale mkono unaposhika, vanishi imekuwa kama gundi, alama za vidole zote zinaonekana na nyuzi za glavu zimenasa humo. Mwenyewe alikuwa amejipaka dawa kisha akaenda vitani bila kunawa viganja. Miwani, saa, vitambaa vya reyoni na vile vya kuvutika navyo vinaharibika. Pamba na sufu havina shida.

Mlinzi, wewe una kizibao cha ngozi na bila shaka upanga wa sponji uliofunikwa kwa leteksi, ule mpira laini. Pikaridini ya asilimia 20 ndiyo saizi yako. Haili plastiki, karibu haina harufu, hainati, na kwa mbu inakwenda sambamba na DEET kwa saa nyingi.

Mchawi_Mzee
Na sisi ambao mhusika wetu hatakiwi kunukia duka la dawa? Mimi najipaka mafuta ya mchaichai na kukaa upande wa moshi wa moto. Inapendeza na hadithi haivunjiki.

FundiNgao
Mzee wangu, shikamoo. Moshi unawasumbua kidogo, ukihamia upande wa pili nao wanahama na wewe. Mchaichai unaruka haraka, itabidi ujipake upya kila baada ya muda mfupi. Na mafuta ya aina yoyote ni adui wa leteksi: yanailainisha mpaka inachanika. Ukitaka kitu chenye asili ya mmea, tafuta kilichoandikwa PMD, kinachotokana na mkaratusi wenye harufu ya limau. Hicho kimepimwa na kinafanya kazi kweli, ila watoto chini ya miaka 3 wasipakwe.

Kipanga
Nakubali hoja ya ngao 😅. Lakini vile vidude vya kutoa mlio eti unafukuza mbu, na bangili za manukato, mtu asithubutu kuvileta humu.

Tabibu_wa_Kambi
Mimi ndiye nakaa kwenye hema la huduma ya kwanza, kwa hiyo naongelea kilichokwisha kung'ata.

Kwanza usikune. Vidonda ninavyoviona siku ya pili ni vya kucha zenye udongo, siyo vya mbu. Osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi dakika kama 10, halafu krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 au losheni ya kalamaini. Kama huwa unavimba sana, kidonge cha mzio cha setirizini kinasaidia, hata kikimezwa kabla ya kung'atwa. Klofeniramini, nayo ya mzio, inaleta usingizi, usiimeze kisha ukaingia vitani au ukaendesha gari. Kuna kalamu za umeme zinazopasha pale palipong'atwa joto la nyuzi karibu 50 kwa sekunde chache, na wengi zinawatuliza. Kijiko kilichotoka motoni siyo mbadala wake. Nimefunga malengelenge ya kutosha ya kijiko.

Kupe ni habari nyingine. Mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu kwenda juu bila kuzungusha. Hakuna mafuta wala kiberiti. Ukiona wekundu unaopanuka au homa katika wiki zinazofuata, nenda hospitali na useme uling'atwa na kupe.

Na hii naomba msiichezee: midomo au ulimi kuvimba, pumzi kubana, kizunguzungu baada ya nyuki au nyigu. Tamka neno la kusimamisha mchezo na uite msaada papo hapo. Mwenye sindano ya adrenalini aivae mwilini, na mwenzake mmoja ajue ilipo. Ikibaki hemani haimsaidii aliyeanguka msituni.

Mlinzi_wa_Daraja
Ahsante sana, Tabibu. Swali: usoni napaka rangi ya kijivu. Dawa inakaa chini au juu?

Tabibu_wa_Kambi
Hakuna hata moja inayokwenda vizuri. Dawa hizi zinahitaji kuwa wazi juu ya ngozi, ukizifunika kwa rangi zinapungua nguvu, na ukipaka juu rangi inachuruzika. Paka pembeni: nyuma ya masikio, shingoni, kwenye mstari wa nywele. Kwenye mikono, ya kukinga jua inatangulia, ya wadudu inafuata.

FundiNgao
Kisha joho lako lipulizie pemetrini ya asilimia 0.5 nyumbani, nje penye hewa, ulitundike mpaka likauke kabisa. Siyo ya ngozini. Inakaa wiki kadhaa na fua kadhaa, na kupe wakitembea juu yake hawafiki mbali. Paka wa nyumbani asikaribie likiwa bichi, ni sumu kwake, na usimwage masalio mtoni, samaki wanakufa. Soksi na pindo la suruali usivisahau. Hema nalo, weka penye upepo kidogo: visubi, wale wadudu wadogo sana wanaong'ata, wanapita kwenye nyavu za kawaida, lakini upepo hawauwezi.

Mlinzi_wa_Daraja
Pikaridini ya mikono, pemetrini ya joho, basi. Joho lenyewe nimeazima kwa waandaaji, nadhani hawatajali?

FundiNgao
Waulize kwanza. Atakayelivaa baada yako anaweza kuwa na mzio.