Naombeni ushauri: gitaa la kujitengenezea, nipake nini kwa mkono? Sina kompresa

Mkung'uto_Nkuhungu:
Wakuu salaam. Niko Dodoma, Nkuhungu. Nimejitengenezea gitaa kavu, la nyuzi za nailoni, kazi ya jioni jioni nikitoka kibaruani. Uso ni paini niliyoichagua kwenye rundo la mbao za Mafinga, haina jicho hata moja. Mgongo, mbavu na shingo ni mninga. Ubao wa vidole ni kipande cha mpingo nilichopewa na mchonga vinyago. Gundi imeshika, msasa nimefika namba 240, daraja (kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi) bado sijalibandika.

Nimekwama kwenye kupaka. Kuna fundi samani hapa jirani anasema nimpelekee, apige sila (rangi ya kuziba mbao) halafu klia (rangi angavu ya juu) ya kupuliza kwa kompresa, nusu saa imeisha. Nimekataa. Kwanza nataka kazi yote ipite mikononi mwangu. Pili nimeviona viti vyake: ukikwaruza kwa ukucha unaona tabaka kabisa, nikawaza sauti ya gitaa itapumulia wapi hapo.

Nyumba ni ya kupanga, uwanja ni wa wote, kuna watoto, kuna kuku, na vumbi la Dodoma mnalijua. Nimesikia habari za vanishi ya mafuta, mafuta ya kitani, nta ya nyuki, na kitu kinaitwa shelaki. Mama mwenye nyumba naye kapita akasema "paka alizeti baba, litang'aa." Nisaidieni kuchagua, mfuko wenyewe ni wa mawazo.

Alizeti_Singida:
Mkuu, mama mwenye nyumba mheshimu kwenye kodi, kwenye hili usimsikilize. Alizeti ni yetu huku na tunaipenda, ila kwenye mbao haikauki ikawa ngumu. Inabaki inanatanata, inakamata kila vumbi linalopita, na baada ya muda inanuka mafuta yaliyochacha. Tuachie tukaangie samaki.

Randa_Kizota:
Mimi ni seremala, nakupa la kiseremala. Chukua vanishi ya mafuta ya kawaida, changanya nusu kwa nusu na tapentaini. Usichukue thina ya wapuliza magari, inaweza kuikatakata vanishi. Na mafuta ya taa usiguse, yanachelewesha kukauka.

Usitumie brashi. Kata kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, lowesha kidogo, pangusa kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, basi, ondoka. Kesho yake pitisha msasa wa 400 kwa mkono mwepesi, futa vumbi, rudia. Mara nne au tano mninga unakuwa umependeza. Inavumilia jasho, inavumilia maji, na kila duka la rangi ipo. Hiyo shelaki ni mambo ya wazungu wenye muda.

Ilimba_Chamwino:
Mbukwenyi wandugu. Kaka Randa, nakuheshimu, na kwa meza ya chakula nisingekupinga. Lakini huyu ana uso wa paini. Uso ndio unaotikisika kutoa sauti; uzito wowote unaouongeza pale na ulaini wowote unaouingiza unaulipia kwenye sauti. Vanishi iliyopanguswa ni nyembamba, sawa, ila ile ya kwanza iliyolegezwa na tapentaini inazama ndani ya paini kabla haijakauka. Mafuta ya kitani ndiyo kabisa, paini inayanywa. Kwa uso mimi ni shelaki tu, na hadi leo mafundi wengi wa magitaa ya Kihispania ya nailoni wanatumia hiyo hiyo.

Shelaki inatokana na utomvu wa vidudu vidogo vinavyoishi mitini India na Thailand. Inauzwa ikiwa magamba makavu ya rangi ya kahawia au ya dhahabu. Tafuta yaliyoondolewa nta, yanakauka vizuri zaidi. Unayeyusha kwenye spiriti: gramu 100 kwa nusu lita, unaacha usiku kucha ukitikisa mara moja moja, unachuja kwa kitambaa. Weka kwenye chupa ya kioo, siyo kopo la bati, chuma kinaitia weusi. Nusu ya hiyo inalitosha gitaa lako. Na changanya ya kutumia sasa, usiweke akiba. Ikikaa mwaka ndani ya chupa inafika mahali haikauki tena.

Kidonge cha kupakia unakitengeneza mwenyewe: kipande cha soksi ya sufu ndani, nje kitambaa cha shati la pamba lililofuliwa mara nyingi. Mimina shelaki ndani, kamua, gusisha kwenye karatasi kwanza. Ukikiweka kwenye mbao kinaacha ukungu mwembamba unaopotea nyuma ya mkono wako. Kama hakipotei, umelowesha mno. Zungusha miduara midogo, kisha namba nane, kisha mistari mirefu. Ni kama kupiga pasi ya mkaa: ukisimama mahali pamoja, umeharibu. Kikianza kukwama, tone moja la mafuta chini ya kidonge, tone kweli, siyo kijiko.

Saa za kufanyia ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, hasa huku kwetu. Saa saba mchana spiriti inaruka kabla hujamaliza duara moja, na upepo wa Julai na Agosti unakuletea mchanga. Fanya asubuhi mapema, ndani, nyunyiza maji sakafuni vumbi litulie. Masika usifanye siku ya mvua, unyevu unaifanya shelaki iwe na weupe weupe.

Bodaboda_Makulu:
Spiriti hiyo si ndiyo Konyagi? 😂

Ilimba_Chamwino:
Konyagi ni asilimia 35, nyingine karibu yote ni maji, utapata uji. Na hilo swali lako lina maana kuliko unavyofikiri, kwa sababu watu wanakwenda famasi wananunua spiriti ya asilimia 70 ya kusafishia mikono. Hiyo nayo ina maji mengi mno. Chukua ile kali ya dukani ya mafundi, na soma chupa. Ya hospitali nyingine inatiwa mafuta ndani ili isikaushe ngozi, haifai.

Mkung'uto_Nkuhungu:
Asanteni sana. Ilimba, nimekuelewa kwenye uso. Wasiwasi wangu ni shingo. Mimi natoka jasho la mikono, na gitaa litasafiri kwenye basi kwenda Kondoa na Singida. Nasikia shelaki haipendi joto wala pombe.

Ilimba_Chamwino:
Ni kweli, haifichiki. Ukiliacha kwenye gari lililofungwa juani itakuwa laini na mfuko utaacha alama zake. Pombe ikimwagika inatafuna. Ila dawa yake ni yenyewe: ukipaka upya juu, tabaka jipya linayeyusha la zamani vinakuwa kitu kimoja. Vanishi ikikwaruzika unarekebisha sehemu na mpaka unaonekana.

Shingo ndiyo mahali pa kumsikiliza kaka Randa. Shingo haitoi sauti ya kukuumiza kichwa, inashikwa tu. Vanishi yake ya kupangusa, mikono mitatu, mwisho msasa laini sana uondoe mng'ao ili kiganja kiteleze. Hakuna sheria inayosema gitaa zima lipakwe kitu kimoja.

Randa_Kizota:
Hapo tumekubaliana. Ila niseme ukweli wangu, nadhani watu wanaitia shelaki sifa za sauti ambazo ni za mbao na vibao vya ndani. Ukikata uso nene, paka hata dhahabu, litanyamaza tu.

Ilimba_Chamwino:
Sikupingi. Ndiyo maana nasema nyembamba, sisemi ya miujiza.

MamaJunior_Ipagala:
Mwanangu unayepaka gitaa, mimi nasema jambo moja tu kwa sababu umetaja watoto na uwanja wa wote. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Mafuta yale yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kikiwa kimekunjwa joto halina pa kutokea, kinawaka chenyewe bila kiberiti. Na joto hili la Dodoma linaongezea. Vitandaze kimoja kimoja nje vikauke mpaka viwe vikavu kabisa, au viloweshe maji kwenye kopo lenye kifuniko. Na spiriti weka mbali na jiko la mkaa. Chupa iandike, isikae kwenye chupa ya soda.

Mkung'uto_Nkuhungu:
Mama shikamoo, hilo sikulijua kabisa. Asante.

Nyuki_Manyoni:
Na nta je? Huku kwetu nta ya nyuki ipo ya kumwaga na harufu yake nzuri.

Ilimba_Chamwino:
Nta ni ya mwisho au siyo kabisa. Ina ulaini, jasho linaipita, na ukishaipaka hakuna kitu kitakachoshika juu yake. Akitaka mguso mzuri shingoni baada ya vanishi kukomaa, sawa, kidogo sana, afute yote. Ukiyeyusha na tapentaini, bakuli likae kwenye maji ya moto, siyo motoni.

Mkung'uto, mawili ya mninga. Vinyweleo vyake viko wazi, ukipaka tu utaona vijishimo. Paka mkono wa kwanza, ukiwa bado mbichi sugua na msasa wa 320. Ule ungaunga unaotoka unaingia na kuziba. Vaa barakoa unapopiga msasa mkavu, vumbi la mninga linawasha pua na kifua. La pili: mbao nyekundu za ukoo huu zinaweza kuachia rangi kwenye spiriti. Ukizungusha kidonge kutoka mbavuni ukapanda kwenye paini nyeupe, utaburuta wekundu hadi juu. Kwa hiyo anza na uso, upate mikono kadhaa ya kinga, ndipo uende pembeni, kwa kidonge kingine.

Mpingo uache tupu. Una mafuta yake, vanishi ya mafuta inasumbuka kukauka juu yake.

Mkung'uto_Nkuhungu:
Wakuu, mrejesho. Rafiki kaniletea magamba kutoka Dar. Nimejaribu kwenye vipande vilivyobaki: paini moja vanishi, paini moja shelaki, mninga vyote viwili. Paini ya vanishi imegeuka njano kuliko nilivyotaka, ya shelaki imebaki na joto la asali kidogo, nimeipenda. Kwenye mninga, sema ukweli, siwezi kutofautisha nikiwa hatua mbili. Kwa hiyo uso, mgongo na mbavu ni shelaki, shingo ni vanishi ya fundi Randa.

Swali la mwisho. Daraja nibandike kabla au baada?

Randa_Kizota:
Baada, lakini gundi haishiki juu ya rangi. Inashika mbao kwa mbao.

Ilimba_Chamwino:
Ndiyo. Pima mahali pa daraja sasa, chora kwa penseli, bandika tepu ya wapaka rangi ndani kidogo ya mstari, milimita moja hivi. Paka gitaa lote. Acha shelaki ikomae wiki mbili hata kama inaonekana kavu siku ile ile. Kisha toa tepu, kwangua ule ukingo wa milimita moja kwa ncha ya kisu kikali, ubandike. Nyuzi za nailoni zinavuta daraja siku zote, likikaa juu ya shelaki litabanduka.

Mkung'uto_Nkuhungu:
Tepu ipo. Naanza kesho alfajiri kabla upepo haujaamka.

MamaJunior_Ipagala:
Na kuku wafungie.